Korongo ya Mwisho

Upepo wa mwezi wa saba Sumbawanga hauna adabu. Unaingia hata kwenye koti lililofungwa vifungo vyote. Ndiyo maana wazee wa benchi la mbele ya duka la vipuri hukishika kikombe cha kahawa ya Silvana, mama muuza kahawa wa hapo, kwa mikono miwili. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa na furaha, kwa sababu Loth, wanayemwita Askofu kwa ile miaka michache aliyosoma seminari, alikuwa amerudi kutoka hospitali Mbeya. Alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa palepale. Theodory alimtazama rafiki yake akajikaza asilie. Theodory mwenyewe wanamwita Difu, kama ile difu ya ekseli ya nyuma, maana maisha yake yote aliendesha malori, na ndani ya koti lake alikuwa ameficha chupa ya bia ya Korongo ambayo kizibo chake hakijaguswa. Aliikuta chini ya kiti cha lori lake bovu alipokuwa analiuza kama chuma chakavu. Bia hiyo iliacha kutengenezwa zamani sana, hata vijana wa mjini wanadhani wazee wameitunga. Difu alikuwa amepanga kuinywa na Askofu. Lakini Askofu, kabla hata hajakaa vizuri, alitangaza kwamba daktari amemkataza pombe, hata kuonja. Basi chupa ikabaki kotini, na Difu akawa hajui aifanye nini.

Ubaya ni kwamba mazungumzo ya benchi lile yakiachwa yenyewe huenda kwa Korongo tu. Aliyeanza ni Wilibrodi, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki.

— Siri ya ile bia ilikuwa maji. Walikuwa wanachota hapa milima ya Mbizi kimyakimya.

— Kiwanda kilikuwa mbali huko, Redio, alisema Difu. Maji ya Mbizi nani ayapeleke?

— Wewe, Difu. Si ulikuwa unarudi na lori tupu? Debe tupu haliachi kuvuma. Mbona la kwako lilikuwa halivumi?

Difu alicheka, akatoa yake. Kwa maelezo yake, Korongo ilitoka kiwandani ikiwa bia ya kawaida tu. Ikishavuka Tunduma inaanza kuamka, mashimo ya Laela yanaikoroga, na ikiingia Sumbawanga imeshaiva. Barabara ilipowekwa lami, bia ikawa inafika imelala.

— Lami ndiyo iliyoiua, alimalizia. Haraka haraka haina baraka.

Askofu akatikisa kichwa kwa huruma.

— Nyie mnaongea habari za maji na mashimo. Bia ina roho, na roho ya bia ni hamira. Ile hamira ilimzoea mzee mmoja tu pale kiwandani. Alipostaafu, ikasusa. Chanda chema huvikwa pete.

Hakuna aliyeuliza pete imeingiaje. Redio hakukubali kushindwa. Akasema Korongo haikufa. Kiwanda kizima kilifunguliwa nati kwa nati, kikapakiwa kwenye boti pale Kasanga, ziwani, na leo kiko Kongo. Kule kila wakifungua chupa wanatucheka. Silvana, huku anamimina, akasema labda ndicho kicheko anachokisikia upepo ukitokea ziwani.

Askofu alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia, sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Mnakumbuka ubatizo wa binti yangu Kristiana, kule Kaengesa? Mvua imekata barabara, watu wameshakata tamaa. Mara Difu huyo na kreti mbili, matope mpaka kwenye nyusi. Friji hakuna, bia ina joto kama chai. Jamani, sijawahi kunywa kitu kitamu vile. Ningepata hata harufu yake tu, ningeridhika.

Difu alisikia moyo unagonga chupa. Daktari alikataza kuonja, harufu hakuitaja. Akaingiza mkono kotini.

Wakati huohuo alifika kijana wa Kisukuma, Meshack, mfugaji wa kule Ilemba, aliyekuja kununua vipuri vya pikipiki yake.

— Shikamooni wazee.

Difu alikuwa ameshaitoa chupa. Wote walikuwa wanaitazama, na yule ndege korongo kwenye karatasi yake iliyopauka, amesimama kwa mguu mmoja kama zamani. Redio alivua kofia. Difu aliegemeza kizibo kwenye ukingo wa benchi, akakipiga kiganja kama walivyofanya ujanani. Kikatoka kimya. Hakukuwa na mlio wala povu, na Difu akaogopa. Silvana alisuuza vikombe vya kahawa, na cha kwanza akapewa Askofu.

Askofu alikiweka chini ya pua, akafumba macho. Wakamngoja.

— Ndiyo yenyewe, alisema, na machozi yakamtoka bila aibu.

Redio akaonja, akalamba midomo.

— Yenyewe kabisa.

Ikafika zamu ya Difu. Ilikuwa kama maji yaliyolowekwa ubao usiku kucha. Uchungu hamna, utamu hamna. Akamtazama Askofu na kile kikombe chake puani.

— Haijabadilika, alisema.

Mgeni haachwi anatazama, kwa hiyo Meshack naye alipewa tone. Akanywa, akachungulia ndani ya kikombe, akauliza kwa heshima zote.

— Samahani wazee wangu. Ilikuwa hivihivi tangu zamani?

Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Difu aliitafuta ladha ya Korongo kichwani kwa uaminifu. Alipata matope, alipata taa za lori kwenye mvua, alimpata Askofu kijana amembeba mtoto mwenye gauni jeupe. Ladha hakuipata. Silvana aliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeinuka.

Askofu alikuwa bado amefumba macho.

— Difu, alisema, yale matope ya Laela siku ile ya ubatizo, hivi ulitokaje?

Difu akasogea karibu yake, akaanza kumsimulia.