Pale Tuliposimama Siku ya Harusi

Ndugu zangu, tangu mama mwenyekiti wa kikundi chetu aniambie kwamba leo ni zamu yangu kusimulia, sijatulia. Asubuhi nimepika chai nikasahau majani. Naona mnaonijua mnacheka, mnajua mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Lakini wasiwasi ninaokuja kuwasimulia haukuwa wa kuchekesha, na nusura nimrithishe mtoto wangu.

Nianzie kwa furaha, kwa sababu ilikuwepo. Mimi na mzee wangu tulifunga ndoa ufuoni mwa ziwa, ng'ambo ile ya Mbita, kwa hoteli moja ya watalii yenye vijumba vya nyasi. Mama mkwe alinung'unika sana. Harusi gani haina kanisa, wageni watakaa wapi, upepo utabeba chakula. Upepo ulibeba kweli, lakini ulibeba shela yangu ukaitundika kwa mti, na mpiga picha akaacha kazi yake akapanda kuiteremsha. Wenye hoteli walikuwa wamemwaga saruji pale mchangani, kama jukwaa dogo, ili maharusi wasizame na viatu. Hapo ndipo tulisimama. Shangazi zangu walipiga vigelegele mpaka watalii wakatoka vyumbani na taulo. Nawaambia, siku hiyo hata mimi nilisahau kuogopa.

Mtoto wetu alipoanza kutembea, tulimwacha kwa nyanya yake tukapanda boti ya injini kwenda kuona mgonjwa kisiwani. Kando yangu alikaa mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Tulipiga gumzo kama watu waliojuana siku nyingi. Alinicheka vile nilikuwa nimeng'ang'ania ubao wa boti kwa mikono miwili. Halafu upepo ukageuka, wimbi likatupiga ubavuni, boti ikapinduka. Mzee wangu alinishika nguo, tukashikilia jerikeni tupu mpaka wavuvi wakatufikia. Yule mama hakuonekana. Alipatikana baadaye, amekufa, na mimi hata jina lake sikuwa nimeuliza.

Kutoka hapo niliambia kila mtu kwamba nimepona, na haikuwa kweli. Ziwa sikuliangalia. Sasa nyinyi mnajua Kisumu, ukikataa kuona ziwa utatembea ukiangalia ukuta. Kuoga, nilijipangusa tu na kitambaa. Mvua ikianza kupiga mabati, moyo unaenda mbio mpaka naketi chini sakafuni. Hata omena zilinishinda kumeza. Nilimwambia mama mkwe kwamba zinaniwasha, naye akaona nimedharau jiko lake, tukanuniana kwa muda mrefu. Mzee wangu akiniuliza shida ni nini, namwambia ni uchovu.

Sasa sikieni. Msichana wetu alikuwa ameanza shule. Jioni moja nilimweka kwa beseni nimwoshe, maji yenyewe hayafiki hata kwa vifundo vya miguu. Akaruka nje, akanikumbatia shingo, anatetemeka mwili mzima.

"Mama," akasema, "maji yatanibeba kama yule mama."

Mimi sikuwahi kumsimulia habari ile. Alikuwa amenisikia nikiongea usingizini. Nilikaa naye pale chini nikalia. Hofu ingenila mimi peke yangu ningevumilia, lakini ilikuwa imeshahamia kwa mtoto, na mimi ndiye niliyeibeba nikamletea.

Siku hiyo ndiyo nilimwambia mzee wangu ukweli wote. Akanipeleka kwa mshauri, na mshauri akanielekeza kwenu. Mshauri huyo alinifanya niongee wiki baada ya wiki, kisha akaniuliza ni wapi, kando ya maji, nimewahi kuwa na furaha. Sikufikiria mara mbili, nikamtajia pale tulipofungia ndoa. Akasema basi, ukiwa tayari, anzia hapo.

Tuliazima gari la shemeji tukaenda, sisi watatu. Feri inatoka Luanda Kotieno na inavuka mpaka Mbita haraka tu, lakini nilikataa kabisa. Tukazunguka na barabara, Ahero, Kendu Bay, Homa Bay, mzee wangu akisema kwamba kwa mwendo huu hata kobe ametupita. Mimi njia nzima nilikuwa napanga. Nitasimama kwa ile saruji kavu, niangalie ziwa kwa mbali, nimwonyeshe mtoto kwamba mama hakukimbia, halafu turudi nyumbani.

Tulipofika, mchanga hakuna. Ziwa lilikuwa limepanda kwa mvua za miaka hiyo, likameza ufuo wote. Ule mti ulioshika shela yangu ulikuwa umesimama ndani ya ziwa, umekauka. Mfanyakazi wa hoteli akatuambia jukwaa bado lipo, liko chini ya maji karibu na ule mti. Mzee wangu akauliza kwanza habari ya viboko, akaambiwa upande huo hawaji. Nilimwambia turudi kwa gari.

Mtoto alikuwa ameshika sketi yangu. "Mlisimama pale ndani?" akauliza.

Nikamwambia siku hiyo palikuwa pakavu.

"Sasa ziwa liliwafuata?"

Ndugu zangu, hebu fikirieni. Nikisema ndiyo, mtoto huyu ataogopa maji mpaka uzee. Nikisema hapana, lazima nimwonyeshe.

"Hapana, nyathina, mwanangu," nikasema. "Halijatufuata. Ngoja uone."

Nikavua viatu. Mzee wangu akanishika mkono, tukaingia. Nilikuwa naomba kwa sauti, Kiluo na Kiswahili vimechanganyika, hata sijui Mungu alisikia lugha gani. Maji yalipofika magotini nilimwona yule mama wa omena kama vile jana, nikatapika. Nikageuka nitoke.

Ndipo nikamwona mtoto amesogea mpaka ukingoni. Hakuwa anaangalia maji. Alikuwa anaangalia uso wangu, anasubiri uso umwambie kama kuna hatari. Nikajipangusa mdomo, nikautuliza uso huu mnaouona, nikageuka tena kuelekea kwa mti. Maji yakafika kiunoni. Halafu kidole changu kikagonga saruji. Ilikuwa inateleza, imeota kijani, lakini ilikuwa ile ile. Tukapanda juu yake. Mzee wangu, ambaye maneno kwake ni shida, alisema kama ni kunioa angenioa tena hapo hapo na nguo zimelowa. Nilipoangalia nyuma, mtoto alikuwa ameingiza mguu mmoja. Akautoa, akaurudisha. Akasema maji ni baridi.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Mvua bado inanitoa jasho. Lakini naoga kama watu, na omena za mama mkwe nimekula nikaongezwa. Nashukuru mshauri wangu, nashukuru mzee wangu, na nashukuru nyinyi mlioniacha nilie hapa bila kuniharakisha. Ninachowaomba ni kimoja: hofu uliyonayo mwambie mtu mzima mwenzako mapema. Ukiificha, watoto wataisikia, na wao hawana pa kuipeleka.

Jumamosi hii msichana wangu anaanza kufundishwa kuogelea. Ameshaniuliza mara nyingi kama nitakuwepo. Nitakuwa pale kando ya maji, natetemeka, mbele kabisa, mahali ambapo akiinua kichwa ataniona.