Mkono Kati ya Vyuma

Ndugu zangu wa chama, naona wengine mnautazama mkono wangu tangu nilipoingia. Utazameni vizuri, sitauficha mfukoni. Nimetoka Rongo mpaka hapa Homa Bay kuwaambia ulivyopata kuwa hivi.

Mimi nina diploma ya uhandisi wa mitambo. Nilikwenda Doha bila kitu, nikakunja chuma kwenye jua linaloua watu, nikarudi nyumbani kujenga mtambo wangu wa kukamua miwa na kupika sukari guru. Injini niliifunga mwenyewe, paa nikalichomelea mwenyewe. Ukipita barabara kuu ukaona moshi mnene kuliko wa wengine, huo ni wangu.

Lakini kule ugenini nilijifunza jambo baya: kwamba mtu anayepumzika ni mwizi. Kwa hiyo kwangu injini haikuzimwa tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Nilikula nimesimama. Na kadiri nilivyochoka, ndivyo mikono ilivyokuwa myepesi kupiga. Dereva wa trekta nilimrarulia shati kwa sababu aliketi kuvuta sigara. Mlango wa nyumbani niliuvunja kwa teke, na haukuwa umefungwa. Mnacheka, lakini watoto wangu hawakucheka.

Siku moja mama anayetuletea uji na nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, alifika. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa akiingiza miwa kwenye vyuma vya kukamulia. Aliacha kazi, akaketi. Nikamwambia ainuke.

"Injinia, hata ng'ombe wa kulima hufunguliwa nira," alisema.

"Ng'ombe hana diploma."

"Ndiyo maana hapigi wenzake."

Watu waliangua kicheko. Nililipiga teke sufuria la uji, ukamwagikia miguu ya mama yule. Shemeji aliposimama, nikampiga ngumi ya mdomo, jino likamtoka. Kisha nikanyakua miwa mwenyewe, niwaonyeshe namna mwanamume anavyofanya kazi. Macho yangu yalikuwa yakiwatazama wao badala ya kutazama kazi. Mkono wa shati ukanaswa. Vyuma vikavuta vidole, vikafuata kiganja. Nawaambia, mfupa ukisagika unalia kama muwa. Hakuna tofauti.

Mama wa uji ndiye aliyekimbia kuzima injini. Kelele zilipokoma ndipo nilipojisikia nikipiga mayowe. Nilikuwa nauvuta mkono kama mnyama mtegoni. Shemeji akanikaba shingo kutoka nyuma, damu ya mdomo wake ikinidondokea begani. Nilijua ananiua.

"Omera, ndugu yangu, usivute. Ukivuta, mkono unabaki ndani."

"Niachilie."

"Pumua kwanza. Hawa watazungusha gurudumu la injini kurudi nyuma, polepole. Ukipumua, wanazungusha. Ukivuta, wanaacha."

Ndugu zangu, nilitulia. Mimi, ambaye sikuwahi kutulia. Nikavuta pumzi, vyuma vikarudi kidogo. Nikavuta nyingine, vikarudi tena. Nilisikia vitu ambavyo sikuwa nimevisikia pale tangu nijenge: maji ya miwa yakichemka karaini, ndege kwenye makapi, mama yule akiomba kwa Dholuo. Vidole viwili vilibaki mle ndani. Mkono ulitoka.

Namshukuru mama huyo, ambaye miguu yake ilikuwa imeungua kwa uji wangu na bado akanikimbilia. Namshukuru shemeji, ambaye angeweza kuniacha nivute. Jino nimemwekea jingine, la dhahabu ya Migori, zuri kuliko alilozaliwa nalo.

Nanyi wenye maduka, wenye bodaboda, wenye mashamba, mkisikia mkono unawasha kupiga mtu, msingoje chuma kiwatulize. Acheni mnachofanya. Ketini, pumueni, muisikilize sehemu yenu ya kazi ikiwa kimya. Hasira nyingi ni uchovu tu ambao haujapewa kiti.

Kwangu siku hizi injini huzimwa uji ukifika, na alasiri tena. Na sukari guru yangu bado ndiyo bora kutoka Migori mpaka Oyugis, asiyeamini aje aonje. Anayeizima injini ni mimi, kwa mkono huu huu wa vidole vitatu. Nikishaizima, shemeji husogea kidogo kwenye benchi, nami nakaa.