Nyundo Ndani ya Santuri

Ijumaa, tarehe 14 Machi 1980, wakubwa walikifunga kiwanda cha chuma jijini Sheffield, Uingereza, na Ibbotson, mfanyakazi wake aliyekuwa mgane, akabaki na ukimya wa nyumba. Mwaka uliofuata, ndani ya basi, vijana wawili nyuma yake walikuwa wakibishana juu ya santuri ya kwanza ya bendi ya mtaani.

"Mpiga ngoma huyo si binadamu, Darren."

"Masikio umeazima wapi, Neil? Hiyo ni nyundo ya mashine ya kile kiwanda cha chuma. Waliirekodi kabla haijazimwa. Tamu ajabu."

Ibbotson akageuka. "Niliiendesha nyundo hiyo miaka ishirini na sita. Marehemu mke wangu alikuwa akikanda unga wa mkate kwa mdundo wake, uliosikika hadi nyumbani."

"Basi umo kwenye santuri, mzee," Darren akasema kwa heshima.

Basi likasimama. Ibbotson akainuka. "Wenye magitaa wameiona thamani yake. Wale wakubwa walikuwa wakitazama nini?"