Faraj Sebit, Mwenye Neno la "Kata"

Marehemu Faraj Sebit alizaliwa Walukuba, Jinja, tarehe 4 Machi 1966, akasoma huko huko hadi darasa la saba. Walimu walimsifu kwa upole. Hawakumwona alipopewa watu wa kuwaamuru.

Alianza kwa kupiga video za arusi, na katika arusi mojawapo akampata Bi Sofia, wakaoana mwaka 1994. Baadaye akawa mwongozaji wa filamu, sifa zake zikafika Mbale. Kwake kazi ilikuwa kazi: kamera ikianza, marufuku kusogea wala kupiga chafya mpaka yeye mwenyewe aseme "Kata!"

Habibah, binti yake na msaidizi wake, alifundishwa sheria hiyo kwa machozi. Kule Mafubira, mwigizaji Magid alianguka na boda akavunjika mguu, Habibah akapiga kelele, "Kata!" Baba yake alimpitisha kwa kila mtu aombe radhi, hata kwa Magid aliyekuwa bado chini akiugulia.

"Wewe nani ya kukata?" alimfokea. Watu wakacheka. Habibah hakusahau, na nani angesahau?

Presha ilimwanza mwaka juzi. Vidonge alivificha mfukoni, kwa kuwa ugonjwa aliuita utovu wa nidhamu.

Tarehe 12 mwezi huu, Nabuyonga, Mbale, walikuwa wakipiga tukio la matanga. Mtu aliyekodiwa kuwa maiti alikohoa. Faraj alimfukuza, akalala mkekani mwenyewe, akafunikwa shuka, akaamuru, "Anza!" Waombolezaji wakaangua kilio. Mkono wake ukatoka nje ya shuka, ukajikunja, kisha ukalegea.

"Habibah, mzee iko sawa kweli?" alinong'ona Otim wa kamera.

"Nyamaza. Kukata, yeye tu nasema."

Habibah aliona shuka halipandi wala halishuki, na bado aliogopa kuaibishwa. Waliendelea kulia mpaka betri ya kamera ikaisha. Daktari amesema angewahishwa hospitali, huenda angepona.

Marehemu ameacha mjane, Bi Sofia, na binti mmoja, Habibah, aliyemtii. Wenye filamu wametuma rambirambi, wakasema hawajapata kuona maiti iliyoigizwa vizuri namna ile, na kwamba wataitumia.

Mwenyezi Mungu amsamehe, ampe pumziko la amani. Nawe Habibah, mwanetu, sasa lia. Hakuna wa kukukataza.