Boulon Kumi na Mbili

ARLÈNE: Haloo? Papa Zihindula?

ZIHINDULA: Nani huyo? Simu iko nakatakata.

ARLÈNE: Ni mi, Arlène, mtoto yako. Niko huku chuoni Lilongwe.

ZIHINDULA: Ah, mama yangu. Umeamka muzuri? Umekula?

ARLÈNE: Nimekula nsima, papa. We uko wapi?

ZIHINDULA: Niko mu kanisa huku kambini Dzaleka, na nyundo mkononi. Pasteur Bisimwa iko hapa, bamama ba korali bako hapa, bote bamekasirika. Bamama bakiruka kwa jukwaa yabo, mimbari inatetemeka, Biblia inaanguka. Pasteur anasema kesho siku ya Mungu korali itaimba ikiwa imekaa.

ARLÈNE: Imekaa? Mama Léoncie wa korali amekubali?

ZIHINDULA: Amesema afazali ahame kanisa. Na mi nimeshaongeza boulon, zile chuma za nati zenye zinakaza mimbari kwa jukwaa—

ARLÈNE: Ngapi?

ZIHINDULA: Zilikuwa ine. Nikaweka nane. Sasa kumi na mbili.

[Simu inakwaruza.]

ARLÈNE: Papa, usikasirike.

ZIHINDULA: Ukianza hivyo, najua nitakasirika.

ARLÈNE: Zile vipimo ulinitumia, nimeziingiza kwa kompyuta. Boriti ya korali, boriti ya mimbari, na pale zinaungana. Nikapiga upande moja, nikaangalia mtetemo unatembea namna gani. Kila boulon unaongeza, unapita zaidi. We njo uko naufungulia njia.

ZIHINDULA: Mi? Miaka makumi tatu naunga mbao—

ARLÈNE: Umeunga muzuri sana, papa. Njo shida.

[Nyundo inawekwa chini.]

ZIHINDULA: Hiyo kompyuta yako imeshaona Mama Léoncie akiruka?

ARLÈNE: Nimeandika bamama kumi na saba. Yeye nimemuhesabu mara mbili.

ZIHINDULA: [anacheka] Usimwambie. Haya, nifanye nini?

ARLÈNE: Toa boulon zote. Pale kati weka vipande vya pine ya kabaza, zile baiskeli za taxi, yenye imezeeka. Mtetemo ukifika kwa kitu laini, mwingi unarudi kwa bamama. Mimbari isimame na miguu yake yenyewe.

ZIHINDULA: Nitoe zote? Mbele ya pasteur?

ARLÈNE: Na mi naogopa, papa. Naweza kukosea. Lakini nimeijaribu mara makumi ine.

ZIHINDULA: Nitakupigia.

[Simu inakatwa. Baada ya saa moja, inaita tena.]

ARLÈNE: Papa?

ZIHINDULA: Haraka, niko na unités kidogo za simu. Zote zimetoka. Bamama bamepanda. Sikiliza.

[Ngoma, miguu, vigelegele.]

ARLÈNE: Na mimbari? Papa, mimbari inafanya nini?

ZIHINDULA: Imetulia.

ARLÈNE: Kabisa?

ZIHINDULA: Nikiweka mkono, nasikia kidogo tu. Biblia haijasogea. Mama yangu, nimefurahi sana.

ARLÈNE: Na mi nalia hapa, bantu bananiangalia. Pasteur anasema nini? Kesho korali itasimama?

ZIHINDULA: Ngoja nimuulize— ah. Hawezi kujibu.

ARLÈNE: Bado amekasirika?

ZIHINDULA: Hapana. Iko juu ya jukwaa, katikati ya bamama. Ameshavua koti, anaru—

[Unités zimekwisha.]