Dalenda Ayari, Mwalimu Aliyemwonea Wivu Rafiki Yake

Ndugu waombolezaji, majirani na walimu mliorudi nasi kutoka makaburini, familia za Ayari na Weslati zimenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa mwenyewe alituagiza tusimpambe, yatasomwa kama yalivyokuwa.

Mwalimu Dalenda Ayari alizaliwa hapa mjini Kef tarehe 14 Machi 1958, binti wa kwanza wa mzee Mokdad, fundi wa matandiko ya farasi, na mama Khadhra, akasoma shule ya msingi mtaa wa juu karibu na ngome, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1976 akaingia chuo cha ualimu, ambako alipangiwa chumba kimoja na Shadlia Zouari, msichana mcheshi kutoka Sers, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana, wala roho ya Dalenda haikutulia.

Shadlia hakumzidi akili, na hesabu hakuziweza kama yeye, lakini walipoajiriwa shule moja Oktoba 1979, Dalenda ndiye aliyewahi kufika na kuchelewa kuondoka, ilhali watoto walimkimbilia Shadlia langoni. Hata alipoolewa na Bwana Hedi Weslati tarehe 20 Julai 1984, ndoa iliyojaliwa watoto wawili, Ons na Skander, alimnong'oneza mama yetu kwamba harusi ilichangamka pale tu Shadlia aliposhika dufu.

Mwaka 2013 Shadlia alikuwa katibu wa tawi la chama cha walimu, na mwezi Aprili walimu waligoma, wakidai wenzao wa muda waajiriwe rasmi na madarasa yaliyofurika yagawanywe. Dalenda aligoma pamoja nao, akasimama kwenye baridi mbele ya ofisi ya elimu, akasikia mamia ya watu wakiimba jina la mwenzake, na moyo ukamuuma kama jino bovu. Mgomo ulipojikokota, na mtihani wa darasa la sita wa kuingia koleji za vipaji, shule za wanafunzi bora, ukikaribia, aliwafungulia watoto ua wa nyumba yake, akawafundisha hesabu kila alasiri na kuwalisha mkate wa tabuna, ule wa tanuri la udongo, na mafuta ya zeituni. Aliwahurumia kweli, lakini pia alifurahi, na hakutuficha, kwamba sasa wazazi walikuwa wanalitaja jina lake.

Wanachama walimwita msaliti, wakataka afukuzwe chamani, ndipo Shadlia alipokuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa ua.

"We Dalenda, unanivunjia mgomo?"

"Nafundisha watoto. Wewe nenda ukaimbiwe."

"Kumbe hilo ndilo linalokuuma!"

"Ndilo. Tangu chuoni linaniuma."

Shadlia alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawatazama watoto.

"Na Kiarabu nani anawafundisha?"

"Hakuna."

"Basi nipishe hapo ubaoni, shoga yangu."

Muda si mrefu ua mzima ulikuwa ukicheka naye, na Dalenda akaingia jikoni, akalia kwa hasira, akatoka na chai. Tangu hapo asubuhi waligoma, alasiri walifundisha, walimu wengine wakafungua nyua zao, na wakubwa wa elimu wakakosa pa kusemea kwamba walimu wamewatupa watoto, hivyo mwezi Mei wakakubali madai. Redio ya mkoa ilimhoji Shadlia, na Dalenda akaizima.

Alistaafu Juni 2018, na mwaka 2021 akaanza kuugua figo, akatibiwa hapa na Tunis, na Shadlia alikuwa haachi kumtembelea, akawachekesha wauguzi hadi mgonjwa akanung'unika, "Hata kitanda changu umekigeuza mkutano!" Alifariki Jumatatu tarehe 5 Februari 2024, Ons na Shadlia wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, na walimu wenzake wa zamani na wa sasa. Chama kilimwomba Mwalimu Shadlia azungumze leo, naye amekataa, akatuambia kwamba akifungua mdomo atamnyang'anya Dalenda na siku hii pia, na sasa ameketi ndani na wanawake, kimya, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona.

Lala kwa amani, dada yetu, watu wote hawa wamekuja kwa ajili yako.