Goti la Telmo

Treni ilipofunga breki kituo cha Ovar, jamaa aliyekaa mbele yangu alishika goti kwa mikono miwili. Mama wa kando yake, asiyemjua kabisa, akahamisha keki mapajani na kumwuliza, "Hilo limeanza lini, mwanangu?"

"Halina kitu, mama. Mimi Telmo, beki wa kati. Leo napimwa afya Aveiro, nikifaulu nasaini na klabu ya huko."

"Na wakikuuliza kuhusu goti?"

"Nitasema mzima. Nina miaka thelathini na tatu, na tangu ligi iishe sina timu. Nikisema linauma, wanamchukua mtoto wa miaka kumi na tisa."

"Na likikatika uwanjani?"

"Bora likatike nikiwa na jezi."

"Mjinga wewe!" Behewa zima likageuka. "Marehemu mume wangu alificha mgongo wake kiwandani hivyo hivyo. Mpaka anakufa, soksi nilikuwa namvisha mimi."

Telmo alijifuta jasho, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinatugandisha. Mimi nilikuwa nimefungua gazeti, na tangu kituo cha Espinho sikuwa nimegeuza hata ukurasa.

Tukafika Aveiro. Nje, mtu mwenye traksuti ya klabu alikuwa akichungulia madirishani. Telmo akainuka, goti likagoma, akarudi kitini. Akajaribu tena, akarudi tena.

Yule mama alimtazama mtu wa klabu, kisha akanisukumia keki. "Na wewe unayesikiliza, nibebee hii." Akamnyooshea Telmo mkono, uso bado umekunjamana kwa hasira.

"Nishike. Watadhani unanisaidia mimi."